Blasio Kigozi na Krismasi ya Gahini ya mwaka 1933

Kila Desemba inapoingia swali lile lile hurudi. Tunalisikia kutoka Bukiriro, kutoka Rulenge, kutoka Murgwanza, na kutoka kwa ndugu zetu wa Biharamulo. Je, Krismasi bado ni sikukuu ya imani, au imebaki sikukuu ya nguo mpya, pilau na pombe? Wazee husema zamani mambo yalikuwa tofauti. Vijana hujibu kwamba wazee wa kila kizazi husema hivyo hivyo.

Mwaka huu tumeona tusilijibu swali hilo kwa mahubiri. Redio haina mimbari, na wasikilizaji wetu ni wa makanisa mengi, wengine ni wa dini nyingine. Badala yake tunawasimulia maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani, mwaka 1936, kabla hajatimiza miaka 30. Jina lake ni Blasio Kigozi. Alikuwa mwalimu. Aliishi karibu nasi kuliko wengi wanavyodhani, na jambo kubwa katika maisha yake lilitokea katika siku zilizofuata Krismasi.

Gahini ni wapi?

Wanaosafiri na malori ya Kigali wanaijua njia. Ukivuka daraja la Rusumo unaingia Rwanda, unapita Kibungo, unafika Kayonza. Pale barabara inagawanyika. Malori ya Kigali hukata kushoto. Ukienda upande wa kaskazini, baada ya mwendo mfupi unafika Gahini, juu ya kilima kinachotazama Ziwa Muhazi. Kwa gari, mtu anayetoka Ngara asubuhi anaweza kufika huko siku hiyo hiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nchi hizi zetu zilikatwa na wakoloni upya. Rwanda na Burundi ziliwekwa chini ya Wabelgiji, Tanganyika ikawa chini ya Waingereza. Bugufi, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi, ikabaki upande wa Tanganyika, na ndiyo maana leo ni sehemu ya wilaya yetu ya Ngara. Mipaka ilichorwa, lakini watu waliendelea kuoana, kununua ng'ombe na kutafuta chakula ng'ambo zote mbili.

Katika miaka hiyo ya 1920 wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS, waliokuwa wameanzia Kabale nchini Uganda, walifungua kituo Gahini. Mmoja wa Waafrika wa kwanza kufanya kazi hapo alikuwa Kosiya Shalita, Mnyarwanda aliyekulia Uganda, ambaye baadaye alikuja kuwa askofu. Kituo kilikuwa na kanisa, shule na hospitali.

Ndugu wawili kutoka Buganda

Blasio alizaliwa Buganda. Alikuwa na kaka aitwaye Simeoni Nsibambi, na huwezi kusimulia habari za mdogo bila kumtaja mkubwa.

Nsibambi alikuwa msomi kwa kipimo cha wakati ule. Alipita Budo, shule ya watoto wa wakubwa, akahudumu katika kikosi cha tiba wakati wa vita, kisha akapata kazi serikalini. Alitamani sana kwenda ng'ambo kusoma. Nafasi hiyo hakuipata, na jambo hilo lilimuuma. Katika uchungu huo, mwaka 1922, akapata badiliko kubwa la imani. Alikuja kusadiki kwamba uzima aliopewa na Mungu ulikuwa na thamani kuliko masomo yale aliyoyakosa. Baadaye aliacha kazi ya serikali, akawa anatembea peku na kuzungumza na watu kuhusu Yesu, hasa karibu na kanisa kuu la Namirembe, Kampala.

Kwa Buganda ya wakati ule, jambo hilo lilishangaza. Ukristo ulikuwa umeingia Buganda mwaka 1877. Miaka hamsini hivi baadaye, kubatizwa kulikuwa jambo la kawaida, hata la heshima. Aliyetaka cheo alihitaji shule, na shule zilikuwa za misheni. Makanisa yalijaa. Lakini mtu aliweza kuwa na jina la Kikristo, akakaa kiti cha mbele siku ya Krismasi, na maisha yake ya nyumbani yasiguswe hata kidogo na ile ibada. Hilo ndilo lililomsumbua Nsibambi, na ndilo alilomwambukiza mdogo wake.

Mwaka 1929 Blasio, kijana wa miaka ishirini hivi, alikwenda Gahini kufundisha shule ya wavulana. Tuielewe hatua hiyo. Mganda mwenye elimu angeweza kutafuta ukarani Entebbe au Kampala, mshahara mzuri na nyumba ya mabati. Blasio alikwenda nchi ya watu wengine, lugha nyingine, kituo kipya, na mahali palipotoka tu kwenye njaa.

Njaa, hospitali na ugomvi

Njaa hiyo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Ilipiga mwaka 1928 na 1929, na maeneo ya mashariki yaliumia sana. Watu walivuka mipaka kutafuta chakula, na wengi walifia njiani. Hospitali ya Gahini ilijikuta katikati ya maafa hayo, na daktari wake, Mwingereza kijana aitwaye Joe Church, alichoka mwili na roho.

Mwezi Septemba 1929 Church alikwenda Kampala kupumzika, akakutana na Nsibambi pale Namirembe. Watu hao wawili, Mzungu na Mwafrika, walikaa pamoja siku mbili wakifungua Biblia na kuomba. Wakati wa ukoloni haikuwa kawaida daktari wa Kizungu kuketi na Mwafrika kama mwanafunzi na mwanafunzi mwenzake. Church alirudi Gahini akiwa na nguvu mpya.

Lakini kituo chenyewe hakikuwa na amani. Wahudumu wa hospitali walikuwa wamebatizwa, sala za asubuhi zilifanyika, nyimbo ziliimbwa. Pamoja na hayo kulikuwa na manung'uniko kati ya wahudumu na daktari, watu kutoaminiana, na vitu vya hospitali kupotea. Mkuu wa wahudumu alikuwa Yosiya Kinuka, mtu wa Ankole. Yeye na Blasio walikuja kuwa marafiki wakubwa, lakini mwanzoni Yosiya hakuwa na raha na kazi yake wala na wakubwa wake.

Ikafika siku Yosiya akasafiri kwenda Kampala kumtembelea Nsibambi. Mwenyeji wake alimuuliza kwa nini hospitali ya Gahini ilikuwa katika hali ile. Yosiya akaeleza makosa ya wengine. Nsibambi hakuyapokea maelezo hayo. Alimwonyesha kwamba shida ilianzia ndani ya moyo wa Yosiya mwenyewe. Neno hilo lilimchoma, akaondoka nalo. Aliporudi Gahini, mwaka 1931, watu waliona mtu mwingine. Aliomba radhi kwa aliowakosea, akaanza kazi upya.

Kuanzia hapo Blasio hakuwa peke yake. Mwalimu wa shule na mkuu wa wahudumu wa hospitali walianza kuomba pamoja na kufundishana. Walijua kwamba ujumbe wao haukuwa kwa wapagani tu. Uliwahusu kwanza wale waliokuwa tayari wanajiita Wakristo.

Siku zilizofuata Krismasi

Mwaka 1933 uliamuliwa uwe na mkutano wa kiroho Gahini mwishoni mwa Desemba, mara baada ya Krismasi.

Msikilizaji anajua siku hizo zinavyokuwa. Sikukuu imepita, mifupa imetupwa, watoto bado wamevaa nguo zao mpya ambazo sasa zina madoa. Watu wamechoka. Kwa mazoea yetu, tarehe 26 na 27 ni siku za kusafisha vyombo na kuhesabu madeni. Gahini walichagua siku hizo hizo kukaa chini na kuuliza maana ya kile walichokuwa wamekisherehekea.

Mafundisho yalitolewa siku kadhaa. Walikuwepo wamisionari, walimu wa vijijini, wahudumu wa hospitali na waumini wa kawaida. Watu walisikiliza kwa utulivu, na ilielekea kwamba mkutano ungekwisha kama mikutano mingine, watu wapeane mikono na kurudi makwao. Ndipo Wakristo Waafrika walipokaa katika kikao cha maombi. Katikati ya maombi mtu mmoja alisimama, akaanza kuungama dhambi zake mbele ya wenzake, kwa machozi. Kabla hajamaliza, mwingine akafuata. Kisha mwingine. Ikawa kama boma limebomoka. Kwa zaidi ya saa mbili watu waliungama mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyekuwa amepanga iwe hivyo.

Hayo hayakuwa maungamo ya jumla, yale ambayo mtu husema sisi sote ni wakosefu kisha akaketi. Walitaja mambo yenyewe: wizi, uongo, uzinzi, chuki dhidi ya mwenzake aliyeketi benchi lile lile. Baada ya hapo lilikuja jambo gumu zaidi kuliko machozi, yaani kurudisha. Katika miezi na miaka iliyofuata, popote mwamko huo ulipofika, watu walirudisha vitu vilivyoibwa, walilipa madeni yaliyokuwa yamefichwa, walikwenda kwa majirani kuomba radhi. Wamisionari nao walilazimika kuomba radhi kwa Waafrika kwa kiburi chao, jambo ambalo katika nchi iliyotawaliwa na Wazungu lilikuwa zito.

Ndiyo maana tunasema Krismasi ile ina la kutufundisha. Hakuna aliyekataza nguo mpya wala chakula cha sikukuu. Lakini watu wale walielewa kwamba kama Mwokozi amezaliwa kweli, basi mtu hawezi kuimba kuzaliwa kwake huku shuka la hospitali limefichwa chini ya kitanda chake.

Mwaka wa moto na maswali matatu

Mwaka 1934 Blasio alipewa daraja la ushemasi. Kwa wasikilizaji wasio Waanglikana, hiyo ni ngazi ya kwanza ya utumishi kabla ya ukasisi. Aliwekwa kusimamia shule ya wainjilisti pale Gahini, shule iliyoandaa vijana wa kwenda kufundisha vijijini.

Kazi ilikuwa nzuri, lakini Blasio hakuridhika, na kwanza hakuridhika na nafsi yake. Mwaka 1935 alijifungia kwa wiki moja katika nyumba yake ndogo, akiomba na kufunga. Alipotoka, waliomfahamu walisema alikuwa amewaka. Wafuasi wa mwamko ule waliitwa Abaka, yaani wanaowaka moto. Wengine wakawaita Balokole, waliookoka, na ndiko lilikotoka neno letu walokole, ambalo leo wengine hulitumia kwa heshima na wengine kwa dhihaka.

Mwezi Septemba mwaka huo huo Blasio, Yosiya, Nsibambi na Church walikuwa katika kikosi kilichokwenda Kabale kuongoza mkutano. Huko nako watu wengi waliungama na kubadilika, na vijana wa Kigezi wakaanza kuyabeba mafundisho hayo kutoka kilima hadi kilima.

Krismasi ya 1935 ilikuwa ya mwisho kwa Blasio. Mwezi Januari 1936 alikwenda Mbarara kuhubiri, kisha akaelekea Kampala. Sinodi ya Kanisa la Uganda ilikuwa inakaribia, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mapadri na wawakilishi wa waumini. Blasio alikuwa ameandaa mambo matatu ya kuliuliza kanisa lake.

La kwanza, ni nini chanzo cha ubaridi na ufu uliokuwa umeenea kanisani. La pili, kwa nini watu wanaojulikana wazi kuwa wanaishi katika dhambi wanaruhusiwa kuikaribia meza ya Bwana bila kuonywa. La tatu, lifanyike nini ili kanisa liamke.

Tazama jinsi maswali hayo yalivyokuwa mazito kwa shemasi kijana. Hakuuliza kuhusu mishahara wala majengo, wala hakuuliza kwa nini watu hawaji kanisani. Watu walikuwa wanakuja. Aliuliza kwa nini wanakuja na kuondoka walivyokuja.

Homa ya papasi

Hakuyafikisha mwenyewe. Alipofika Kampala aliugua homa ya papasi.

Tuieleze kidogo, kwa sababu bado ni ugonjwa wa vijijini. Papasi ni mdudu wa jamii ya kupe. Hukaa katika nyufa za sakafu ya udongo na kuta za nyumba, hasa nyumba za wageni ambazo wasafiri wengi hulala. Huuma usiku, kisha hurudi ufani. Vimelea anavyoviacha huleta homa kali inayopungua baada ya siku chache, halafu inarudi tena, na tena. Leo hospitali ina dawa za kuitibu ikiwahiwa. Mwaka 1936 dawa kama penisilini zilikuwa bado hazijaanza kutumika. Mtu aliyetembea kijiji hadi kijiji na kulala popote alipopokelewa, kama Blasio, alikuwa mikononi mwa mdudu huyo kila usiku.

Blasio Kigozi alifariki Kampala tarehe 25 Januari 1936, mwezi mmoja kamili baada ya Krismasi.

Maswali yake hayakuzikwa naye. Askofu wa Uganda, Cyril Stuart, aliyachukua na kuyapeleka mbele ya sinodi. Kanisa lilipojiandaa kuadhimisha mwaka 1937 miaka 60 tangu Injili ifike Uganda, mikutano ya maandalizi ilifanyika chini ya neno moja la Kiganda, Zukuka, maana yake amka. Ni neno lililobeba mzigo wa Blasio.

Shemeji yake, William Nagenda, aliyekuwa karani wa serikali Entebbe, aliacha kazi hiyo akaenda Gahini kuendeleza pengo lililoachwa. Baadaye Nagenda alikuwa mmoja wa wahubiri mashuhuri wa Afrika Mashariki.

Mwamko unafika kwetu

Moto ule haukubaki Rwanda. Ulifika Burundi, Kenya, hata Sudan. Kwetu Kagera ulifika Katoke, chuo cha walimu cha Waanglikana, mwaka 1939. Walimu waliosoma hapo walitawanyika vijijini, na pamoja na chaki walikwenda na ushuhuda. Uliwafikia Walutheri wa Bukoba. Josiah Kibira, aliyekuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Walutheri wa Kaskazini Magharibi mwaka 1964 na baadaye Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, alikuwa mtu wa mwamko huo. Hapa Ngara, Waanglikana wenye makao yao Murgwanza wameulea kwa miaka mingi. Mpaka leo ukisikia waombolezaji au wana-ushirika wakiimba Tukutendereza katika Kihangaza, Kishubi, Kihaya au Kiswahili, ujue wimbo huo ulisambazwa na marafiki wa Blasio.

Hatutaki kuwasimulia hadithi ya malaika. Mwamko huo ulileta pia migogoro. Wapo waliojiona wameokoka wakawadharau wengine. Wapo waliowalazimisha wenzao kuungama hadharani mambo yaliyopaswa kwenda kwa mchungaji faraghani, na ndoa zikaumia. Mwaka 1941 wanafunzi 26, Nagenda akiwemo, walifukuzwa katika chuo cha wachungaji cha Mukono kwa kutofautiana na wakubwa wao juu ya mambo haya.

Lipo pia jambo zito zaidi ambalo sisi watu wa Ngara hatuwezi kulipita. Tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia wilayani kwetu. Wazazi wengi wanaosoma makala hii waliwaona kwa macho, wakawapa maji, wakasikia walikotoka. Rwanda ilikuwa nchi ya Wakristo, Wakatoliki na Waprotestanti, na watu waliuawa hata ndani ya makanisa, na waliobatizwa na watu waliobatizwa. Wapo waumini waliokataa kugawanywa kwa ukabila na wakafa kwa ajili hiyo. Lakini wengi walibeba mapanga.

Ukilitazama swali la Blasio baada ya Rusumo, linatisha. Alikuwa ameuliza, karibu miaka sitini kabla, juu ya kanisa linalojaa watu ambao imani haijawashika. Kumbe haikuwa habari ya ibada kupoa tu. Ubaridi ule unaweza kukaa kimya miaka mingi, ukiimba nyimbo zote za Noeli, mpaka siku jirani anapoitwa adui.

Krismasi yetu ya mwaka huu

Turudi basi Bukiriro. Desemba ni mwezi wa mvua, mwezi wa palizi na wa kuangalia kama maharage yatakomaa vizuri. Ndugu wanarudi kutoka Mwanza, Kahama na Dar es Salaam. Vikundi vya kuweka na kukopa vinagawana fedha za mwaka. Ni mwezi wa furaha, na pia ni mwezi wa ugomvi. Mwanachama hajarejesha mkopo wa kikundi, lakini ameonekana na bati jipya. Ndugu wawili hawasalimiani kwa sababu alama ya mpaka wa shamba la marehemu baba ilihama usiku. Mume amekunywa fedha ya kahawa, na watoto wa nyumba ile ndio pekee watakaokwenda kanisani na nguo za mwaka juzi.

Watu wote hao watakutana kanisani usiku wa mkesha. Wataimba pamoja. Watoto watasogea kutazama pango lililotengenezwa kwa nyasi na majani ya migomba.

Tukimfuata Blasio, maandalizi ya sikukuu yanaanzia hapo kwenye ugomvi. Wakatoliki wana kipindi cha Majilio, majuma manne kabla ya Noeli, na mapadri hukaa kuungamisha. Waanglikana na Walutheri nao wana Majilio yao. Makanisa ya kipentekoste yana mifungo na mikesha. Njia zipo katika kila kanisa. Kinachobaki ni mtu kuamua kwamba mwaka huu atakwenda kwa mweka hazina wa kikundi kabla ya kwenda dukani, hata kama ana nusu tu ya deni. Atamwendea ndugu yake wa mpakani akiwa na mzee wa ukoo. Atauliza mke wake bei ya nguo za watoto kabla ya kuuliza bei ya pombe.

Hatusemi nguo mpya ni dhambi. Mtoto wa kijijini anayepata gauni moja kwa mwaka, na alipate, tena alifurahie. Hatusemi pilau ni upagani. Yule ambaye sikukuu inamheshimu alizaliwa katika familia isiyo na nafasi nyumba ya wageni, na chakula kinachogawanywa na jirani asiye na kitu kinamwadhimisha vizuri. Tunachosema ni kwamba nguo na chakula haviwezi kufanya kazi ambayo si yao. Haviwezi kulipa deni, wala kusema nisamehe.

Na usisahau tarehe 27. Wasafiri wakishaondoka na sufuria zikishaoshwa, chukua nusu saa na watu wa nyumbani mwako mzungumze kilichobaki cha sikukuu. Gahini walianzia siku kama hizo.

Bado wapo wazee katika vijiji vya Ngara na Biharamulo waliosikia habari za mwamko huu kutoka kwa wazazi wao, wengine kutoka kwa walimu waliopita Katoke. Kama nyumbani kwenu yupo mmoja, mkalishe Krismasi hii, mpatie chai, mwombe asimulie nani alirudisha nini, na nani alimwomba nani radhi. Washa simu umrekodi. Wazee hawa wanaondoka mmoja mmoja, na habari hizo nyingi hazijaandikwa mahali popote.